Damu Iliyovilia Chini ya Ngozi

Baba alipofika kwenye mzoga hakuhangaika na nyayo. Alichomoa kisu kiunoni, akachuchumaa upande wa shingo, akaanza kuchuna polepole. Umande ulikuwa haujakauka. Tumbo la Madoa, ng'ombe wetu wa maziwa, lilikuwa limefunguliwa na utumbo umekwisha. Paja moja lilikuwa limeliwa mpaka mfupani, na nyayo za fisi zimetapakaa kila upande. Nilikuwa darasa la sita, na kwangu mimi kesi ilikuwa imeshakwisha.

“Fisi wamemuua,” nikasema.

“Fisi wamemla,” Baba akajibu bila kuinua kichwa. “Kama wamemuua sijajua. Shika hapa, uvute.”

Nikashika ngozi, nikavuta. Upande wa ndani ulikuwa mweupe, safi, kama ngozi ya mnyama aliyechinjwa vizuri. Baba akahamia pajani, pale palipotobolewa na meno, akachuna tena. Weupe ule ule. Akanisogeza nione kwa karibu: tundu la jino lilipita kwenye ngozi kama msumari unavyopita kwenye kandambili, na kando yake hapakuwa na wekundu wowote.

“Mnyama akiumwa angali hai, moyo unasukuma, damu inavilia chini ya ngozi. Inakuwa bonge jeusi. Akiumwa ameshakufa, damu haina wa kuisukuma. Madoa alikufa mwenyewe usiku, wenzetu hawa wakamkuta.” Akaagiza lichimbwe shimo refu na mbwa wafungwe, kwa sababu ng'ombe aliyekufa bila sababu ya kuonekana huenda amekufa na ugonjwa.

Leo mimi ni afisa mifugo, na nimechuna mizoga mingi kuliko Baba. Lakini kinachonikesha usiku ni mizoga ambayo sitaichuna kamwe, ya dinosaria wala majani, wanyama wenye urefu wa mabasi mawili au matatu, waliotafunwa na dinosaria wala nyama miaka milioni 150 iliyopita. Ngozi hakuna. Damu hakuna. Uliobaki ni mfupa uliogeuka jiwe, na juu ya mfupa, mkwaruzo. Wataalamu wa visukuku wamekuwa wakiinamia mikwaruzo hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na swali lao ni lile lile la asubuhi ile.

Mfano wa zamani ninaoupenda uko New York, kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani. Mwaka 1879 mchimbaji aliyeitwa F. F. Hubbell alifukua mifupa ya Allosaurus, dinosaria mla nyama, huko Como Bluff, jimbo la Wyoming, akaifunga kwenye makasha na kuituma kwa bosi wake, Edward Drinker Cope. Cope wakati huo alikuwa katika mashindano makali na Othniel Charles Marsh ya nani atavumbua dinosaria wengi zaidi, akakusanya kwa kasi kuliko alivyoweza kufungua. Alikufa mwaka 1897 makasha yale yakiwa hayajaguswa. Jumba la makumbusho likawa limenunua mkusanyiko wake, na mwaka 1903 makasha yalipofunguliwa, ndani alikuwamo mmoja wa dinosaria wala nyama waliokamilika kuliko wengi waliojulikana wakati huo.

Walimsimamisha mwaka 1908. Hawakumweka anafukuza, wala hawakumweka amerukia mgongo wa mnyama mwingine. Walimweka ameinama juu ya mifupa ya dinosaria mkubwa mla majani, yule ambaye wakati huo walimwita Brontosaurus, kama anayekula. Sababu ya kumweka hivyo walikuwa nayo mkononi. Mwanasayansi wa jumba hilo, William Diller Matthew, alieleza kwamba mifupa ya huyo mla majani ilipotolewa kwenye mwamba ilikuwa imekwaruzwa, na miiba ya juu ya pingili za mkia ilikuwa kama imeng'atwa ikakatika. Walipolinganisha mikwaruzo hiyo na meno ya Allosaurus, ikalingana. Tena, katikati ya mifupa ile yalikutwa meno ya Allosaurus yaliyovunjika. Mla nyama alikula pale, jino likang'oka, akaondoka.

Ninawaheshimu sana watu wale kwa jambo moja: walionyesha mlo na wakaishia kwenye mlo. Wangeweza kutengeneza vita, na umma ungefurahi zaidi.

Jino la Allosaurus na wa aina yake lilikuwa kisu hasa. Limebanwa pembeni, limepinda kuelekea nyuma, na kwenye kingo zake kuna vimeno vidogo vidogo kama vya msumeno. Ni jino la kukata nyama na kuinyofoa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya bucha anajua kwamba mwenye kisu kikali hukwepa mfupa, kwa sababu mfupa unakula makali. Kwa hiyo alama nyingi za dinosaria hawa ni alama za bahati mbaya, kisu kilichoteleza kikagusa. Na jino likiburuzwa kwa ubavu juu ya mfupa, vile vimeno vya msumeno huacha mistari myembamba inayokwenda sambamba, kama kitana kinavyopita kwenye unga. Mistari hiyo ni hazina. Ukipima nafasi kati ya mstari na mstari unakaribia kujua nafasi kati ya vimeno, na kwa njia hiyo unaweza kukadiria ukubwa wa aliyekuwa anakula.

Njia hiyo ya kupima ina historia inayopita kwetu, na sijui kwa nini haisimuliwi zaidi. Miaka ya 1980 Mmarekani Robert Blumenschine alizunguka Serengeti na Ngorongoro akifuatilia mizoga. Aliangalia simba na fisi wanakula nini kwanza na nini mwisho, akaona utaratibu: nyama ya mapaja ya nyuma inatangulia, zinafuata mbavu na mikono ya mbele, halafu kichwa, kisha ndiyo inakuja zamu ya mifupa kuvunjwa kutafuta uboho. Alikuwa anatafuta jibu kuhusu binadamu wa kale wa Olduvai, kama walikuwa wawindaji au walikuwa wanasubiri simba ashibe. Lile lile, aliyekula ndiye aliyeua?

Baadaye, mwaka 2009, yeye na Domenic D'Amore walichapisha utafiti juu ya kenge wakubwa wa Komodo. Waliwapa mbuzi, wakaacha wale, halafu wakakusanya mifupa na kuisoma alama moja moja. Kenge wa Komodo ana jino la aina ile ile ya kisu cha msumeno, ndiyo maana walimchagua. Kenge hakuvunjavunja mifupa kama fisi. Aliuma, akavuta kichwa nyuma, akaacha mikwaruzo. Mwaka 2012 wawili hao wakatumia mistari sambamba iliyoachwa kwenye mifupa kukadiria ukubwa wa dinosaria waliokuwa wakila. Kutoka pundamilia wa Serengeti, kupitia mbuzi na kenge, mpaka kwenye mifupa ya dinosaria. Kila nikiupitia mzoga porini nalikumbuka hilo.

Na mifupa ya Marekani iliyonitikisa kuliko yote iko magharibi mwa Colorado, karibu na mpaka wa Utah, kwenye machimbo yanayoitwa Mygatt-Moore. Jina linatokana na wanandoa wa familia mbili waliokuwa wakitembea huko mwaka 1981 wakaona mfupa umejitokeza. Palikuwa na dimbwi pale, enzi za Jurasiki, ile miaka milioni 150 iliyopita, na wanyama wakafia kandokando yake: Apatosaurus mla majani kwa wingi, na Allosaurus kwa wingi pia. Mwaka 2020 Stephanie Drumheller, ambaye kwanza alijulikana kwa kusoma alama za meno ya mamba, alichapisha na wenzake matokeo ya kukagua mifupa 2,368 kutoka hapo. Mifupa 684 ilikuwa na alama za meno ya dinosaria wala nyama. Karibu 29 katika kila 100! Kwa kawaida alama hizo ni adimu; unaweza kupitia mifupa kabati zima usipate hata moja.

Idadi hiyo inashangaza, lakini mimi nilisimama zaidi kwenye mahali alama zilipo. Zilikutwa kwenye mifupa isiyo na nyama ya maana, mpaka ya vidole vya miguu. Zilikutwa pia kwenye mifupa ya Allosaurus wenyewe, na mlaji anayedhaniwa zaidi ni Allosaurus mwenzake. Nani anatafuna kidole cha mguu kama paja lipo?

Mwaka 2009 ukame ulipomaliza ng'ombe wa Longido na Monduli, nilikuwa nimetumwa huko kuhesabu vifo. Mwanzoni mizoga ilikuwa mingi mno hata tai walishindwa kuruka kwa shibe. Fisi walikula maini na matumbo, wakaacha mapaja mazima yaoze juani. Baada ya wiki kadhaa mizoga mipya ikapungua kwa sababu ng'ombe wenyewe walikuwa wamekwisha. Hapo nikaona fisi wale wale wakirudi kwenye ngozi zilizokauka kama mbao. Walitafuna kwato. Nilimwona mmoja amelala na fuvu la ndama kati ya mikono yake, analamba palipokuwa na jicho, kwa subira, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Watafiti wa Mygatt-Moore wanasema mambo yanayofanana na hayo: mizoga ilikaa muda mrefu bila kufunikwa na udongo, na wanyama walikuwa katika dhiki. Aliyetangulia alikula paja, na jino lake kwenye nyama nene halikugusa mfupa, kwa hiyo hakuacha alama. Alama nyingi ni za waliochelewa. Hili naomba lieleweke, kwa sababu watu huona mfupa uliotafunwa wakadhani wanaona mwanzo wa tukio. Mara nyingi wanaona mkia wake.

Tyrannosaurus rex ni habari nyingine. Huyu aliishi miaka mingi baadaye, mwishoni mwa Kretasia, kama miaka milioni 66 hadi 68 iliyopita, na meno yake hayakuwa visu vyembamba. Yalikuwa nene kama mpini wa jembe. Hakukwepa mfupa. Kasisi wa Kilutheri wa Montana, Kenneth Olson, aliyekuwa akitafuta visukuku kwa mapenzi yake tu, aliokota nyonga ya Triceratops, dinosaria mla majani mwenye pembe tatu, yenye alama za kuumwa zaidi ya hamsini, zingine zina kina cha milimita 11.5. Yeye na Gregory Erickson waliichapisha mwaka 1996. Erickson alijaza matundu yale raba laini ya madaktari wa meno, ikaganda, akaitoa, na mkononi mwake akawa ameshika umbo la ncha ya jino la T. rex. Halafu wakatengeneza jino la metali, wakalisukuma kwa mashine kwenye nyonga ya ng'ombe mpaka likafika kina kile kile, wakipima nguvu. Nyutoni 6,410 hadi 13,400. Namba ya juu ni kama kulisimamishia gari dogo jino moja.

Nimeshika nyonga za ng'ombe wengi. Mfupa ule ukiupiga shoka, shoka linaruka.

Mfupa ukiingia kinywani mwa mnyama wa namna hiyo hautoki mzima, na ushahidi wa hilo upo, ingawa si wa kuweka mezani wakati wa chakula. Mwaka 1998 Kary Chin na wenzake walieleza kinyesi kilichogeuka jiwe kutoka Saskatchewan, Kanada, chenye urefu wa sentimita 44. Ndani kilikuwa kimejaa vipande vya mifupa ya dinosaria mla majani aliyekuwa bado mdogo. Kwa ukubwa wake na miamba kilipotoka, mwenyewe anayefaa ni T. rex.

Miaka ya 1990 ndipo mabishano yalipopamba moto. Jack Horner, mtaalamu mwenye jina kubwa huko Montana, alidai kwamba T. rex alikuwa mla mizoga tu. Wengi walikasirika, kana kwamba ametukanwa ndugu yao. Mimi nadhani Horner alifanya jambo jema, hata kama hakuwa sahihi. Aliwalazimisha watu kutofautisha kula na kuua. Nyonga ya Olson, kwa alama zake zote, haiwezi kutuambia Triceratops yule alikuwa hai au amekufa siku tatu. Ni ngozi nyeupe ya Madoa.

Sasa, mfupa una kitu chake kinacholingana na damu iliyovilia. Mfupa ulio hai ukijeruhiwa hujitengeneza. Ndani ya wiki chache mfupa mpya huanza kuota kuzunguka jeraha, wa kwanza wenye mashimo mashimo kama sifongo, baadaye mgumu na laini kwa juu. Mfupa wa maiti hauoti kitu. Ukikuta kovu kwenye kisukuku, umekuta moyo uliokuwa unapiga meno yalipoingia, na uliendelea kupiga baadaye.

Mwaka 2013 Robert DePalma na wenzake walichapisha pingili mbili za mkia wa dinosaria mdomo-bata kutoka South Dakota. Katikati yake limekwama jino la T. rex, limevunjikia ndani. Na mfupa umeota juu yake. Pingili mbili zimeungana kuwa kitu kimoja na jino limefungwa humo kama msumari uliomezwa na mti. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Mnyama yule aliumwa mkia, akajinasua, akaishi muda wa kutosha kupona huku jino la adui yake likiwa ndani ya mwili wake, akila majani, pengine akilalia upande mmoja kwa maumivu. Hapo hakuna tena hoja ya mzoga. T. rex alimvamia mnyama aliye hai.

Kule kwa Allosaurus kuna kesi ya aina hiyo lakini imegeuzwa. Kenneth Carpenter na wenzake, mwaka 2005, walieleza pingili ya mkia wa Allosaurus yenye tundu lililoanza kupona, na tundu hilo linalingana na mwiba wa mkia wa Stegosaurus, dinosaria mla majani. Walikuwa pia na bamba la shingo la Stegosaurus lililong'olewa kipande kwa umbo la kinywa cha Allosaurus. Mla majani naye alikuwa na la kusema.

Tatizo lililomo humo linaniuma. Kovu ni la aliyenusurika. Windo lililofanikiwa halina kovu. Mnyama hufa ndani ya dakika, na mfupa wake unafanana kabisa na mfupa wa aliyekutwa amekufa. Kwa hiyo tunaothibitisha kuwa ni wawindaji tunawathibitisha kwa mawindo yaliyowashinda.

Kusini-mashariki yetu, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, kuna ushuhuda mwingine. Karibu na Mahajanga, bandari ya Madagaska ambayo majahazi ya mwambao wetu yameizoea kwa karne nyingi, kuna kijiji kinaitwa Berivotra. Miamba yake, ya karibu miaka milioni 70 iliyopita, imetoa mla majani mkubwa aitwaye Rapetosaurus na mla nyama aitwaye Majungasaurus. Mwaka 2003 Raymond Rogers, David Krause na Kristi Curry Rogers walilinganisha nafasi za meno na za vimeno vya msumeno na alama zilizomo kwenye mifupa, wakaona Majungasaurus aliwala Rapetosaurus, na aliwala Majungasaurus wenzake vile vile. Nchi ile ilikuwa na misimu ya ukame mkali. Nikisoma hivyo namwona yule fisi wa Longido na fuvu lake.

Wale wakubwa kabisa, wenye shingo ndefu, je, waliwindwa? Mwaka 2023 Roberto Lei na wenzake walichapisha kazi ambayo kwa mtu wa nje inaweza kuonekana ya kuchosha. Walipitia visukuku zaidi ya 600 vya wala majani hawa kutoka miamba ya Morrison ya magharibi ya Marekani, wakitafuta alama za meno. Mifupa 68 ilikuwa nazo. Na hakuna alama hata moja iliyoonyesha dalili ya kupona.

Hata moja!

Ningependa kusema hilo linamaanisha wakubwa hawakuguswa wakiwa hai. Inawezekana. Apatosaurus mzima ni tani ishirini na kitu, na Allosaurus aliyemrukia angekuwa kama mbweha anayemrukia nyati. Wala nyama wangesubiri afe kwa ukame au uzee, halafu wale wiki nzima. Lakini inawezekana pia kwamba aliyeumwa hakupona kamwe. Waandishi wenyewe wanaegemea upande wa mizoga kwa wale wakubwa, na kwa uwindaji wanaelekeza macho kwa watoto. Niko pamoja nao, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza nipite Tendaguru.

Tendaguru, mkoani Lindi, ni ya umri ule ule wa Morrison, na wanyama wake ni kama binamu zao. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa kwetu chini ya msimamizi mkuu Boheti bin Amrani, walifukua hapo zaidi ya tani 200 za visukuku, zikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa tunayemdai kila mara, Giraffatitan, amesimama Berlin akiwa na kimo cha mita 13 na zaidi. Wote humwangalia yeye. Wala nyama wakubwa wa Tendaguru hawana wa kuwaangalia, kwa sababu waliacha kidogo sana: mifupa michache, pingili za mkia ambazo mwaka 2011 zilipewa jina la Veterupristisaurus, na meno. Meno hasa. Dinosaria wala nyama walibadilisha meno maisha yao yote, na jino bovu lilidondoka wakati wa kula, kama lile la Wyoming.

Natamani kijana wetu, mwenye jicho lililozoea mizoga, aingie kwenye stoo zile za Berlin akiwa na lenzi na taa ya kumulika kwa ubavu, maana mwanga wa ubavu ndio unaoamsha mkwaruzo, mwanga wa juu unaulaza. Apite mfupa kwa mfupa. Boheti na wenzake walikwisha kuibeba, imebaki kuisoma.

Nirudi kwa watoto. Kristi Curry Rogers, yule yule wa Madagaska, aliongoza utafiti wa mwaka 2016 juu ya mifupa ya mtoto wa Rapetosaurus. Walikadiria kwamba alipoanguliwa alikuwa na kilo kama 3.4. Ni uzito wa mtoto wa binadamu anayezaliwa hospitalini. Alikufa akiwa na wiki chache tu, ameshafika kilo 40 hivi, na wanaamini ukame ndio uliomuua. Mzazi wake alikuwa mnyama wa tani nyingi. Kati ya kilo 3.4 na tani hizo ipo miaka ambayo mnyama huyo alikuwa na ukubwa wa kuku, wa mbuzi, wa ndama, wa ng'ombe, akipita kati ya vinywa vyenye visu vya msumeno. Wataalamu David Hone na Oliver Rauhut waliandika mwaka 2010 kwamba wala nyama hawa inaelekea walipendelea wadogo, na kwamba aliyeliwa mdogo huliwa wote, mifupa na yote, ikayeyushwa tumboni. Visukuku vya wadogo ni adimu kwenye miamba mingi. Mlo mkuu wa dunia ile huenda haukuacha mfupa wa kukwaruza.

Madoa aliacha ndama. Tulimlea kwa maziwa ya jirani, akachangamka, akawa anamfuata Baba mpaka mlangoni. Alipokuwa na miezi minne fisi walivunja zizi usiku wa mvua. Asubuhi tulikuta kamba imekatika, miiba ya boma imesukumwa pembeni, na hatua kama thelathini kutoka pale, nyasi zilizolala zenye damu. Hatukuona kwato, wala sikio, wala ubavu.

Afisa wa wanyamapori alikuja mchana kwa pikipiki, maana Baba alikuwa ametuma habari kuhusu kifuta jasho. Alisalimia kwa heshima, “Shikamoo mzee,” akazunguka boma, akapiga picha miiba. Halafu akauliza, “Sasa mzee wangu, mzoga uko wapi?”

Baba akamwonyesha nyasi.

“Hizi ni nyasi, mzee. Mimi lazima niandike nimeona mnyama ameuawa na nani.”

“Wamemuua,” Baba akasema. “Huyu wamemuua.”

Afisa akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga, akawasha pikipiki. Baba alibaki amechuchumaa pale kwenye nyasi muda mrefu, kisu chake kikiwa bado ndani ya ala.